Miaka 20 ya Kupiga Dawa: Madhara Yasiyoonekana Siku Ileile

"Nimepiga dawa miaka 20, mbona sijafa?"

Mwambie mtu aliyezoea bomba mgongoni kwamba anacheza na sumu, na jibu lake mara nyingi litakuwa hilo. Ni vigumu kulibisha, maana mwenyewe yupo mbele yako, kasimama, anacheka. Mwenzake aliyetapika shambani msimu uliopita alilala siku mbili akarudi kazini. Basi sumu gani hiyo?

Lugha nayo inamsaidia. Tunasema dawa ya wadudu, dawa ya magugu, dawa ya ukungu, neno lilelile la kidonge cha homa. Viuatilifu ni neno la semina. Halimtoki mdomoni mtu aliyeinama kuchanganya. Nami humu nitasema dawa kama anavyosema yeye, maana sioni faida ya kumfundisha mtu msamiati wakati suruali yake imelowa.

Swali lake lakini lina kasoro. Linapima sumu kwa kuanguka. Mtu aliyemeza dozi kubwa kwa mkupuo mmoja atatoka jasho, atatokwa na mate, macho yatakaza mboni, atashindwa kupumua. Hilo linaonekana, na hospitali ina namna ya kulishughulikia. Dozi ndogo inayorudi kila msimu haimwangushi mtu. Inakwenda polepole kwenye neva, kwenye tezi, kwenye mbegu za kiume, kwenye mimba, na inapokuja kujitokeza hakuna anayekumbuka chupa ilikuwa ya rangi gani.

Na kwa kuwa nimetaja rangi, tuanzie hapo. Katika nchi nyingi kibandiko cha dawa kina ukanda wa rangi chini yake: nyekundu, njano, buluu au kijani. Wakulima wengi wanajua nyekundu ni kali na kijani ni nafuu. Kinachosemwa kwa nadra ni rangi hizo zinapima nini. Zinafuata uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ambao msingi wake ni kiasi cha dawa kinachoua nusu ya panya wa maabara kwa muda mfupi. Kwa ajali ni kipimo kizuri. Kitakwambia usiiache chupa karibu na mtoto. Swali la miaka 20 hakikuundwa kulijibu.

Mfano wake ni mankozebu, unga wa kuzuia ukungu uliotumika kwa miongo mingi duniani. Kwa kipimo cha panya, mankozebu iko kundi la chini kabisa, lile la dawa zisizotarajiwa kumdhuru mtu kwa dozi ya mara moja. Ndiyo maana watu huichanganya kwa mikono mitupu. Lakini ikivunjika hutoa kemikali inayovuruga tezi ya shingo, ile dundumio inayoongoza kasi ya mwili, na mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoirefushia kibali, moja ya sababu ikiwa madhara yake kwa uzazi na homoni. Rangi ya kijani haikudanganya. Iliulizwa swali jingine.

Mtazame sasa mtu akichanganya. Anafungua chupa, anapima kwa kifuniko, matone mawili yanamdondokea vidoleni, anajifuta kwenye suruali. Anamimina, anaongeza maji, anakoroga kwa kijiti. Mfuniko wa bomba haubani sawasawa, kwa hiyo kila akiinama majimaji yanamshuka mgongoni hadi kiunoni. Baada ya nusu saa ncha inaziba. Anaifungua, anaiweka mdomoni, anaipuliza, anaendelea. Anatembea akielekea mbele, ndani ya majani aliyoyanyunyizia dakika moja iliyopita, na mapaja yanalowa. Jasho likimwingia jichoni anajifuta kwa mkono uleule.

Katika yote hayo anachokiogopa ni harufu. Kafunga kitambaa puani, na kwa kitambaa hicho anajiona amejikinga. Kumbe kwa mtu anayenyunyizia kwa mkono, mlango mkubwa wa sumu kwa kawaida ni ngozi, na saa mbaya kuliko zote ni ile ya kuchanganya, dawa ikiwa bado haijapunguzwa na maji.

Ngozi yenyewe haifanani mwili mzima. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la kupaka watu kiasi kidogo cha parathioni, dawa ya wadudu, sehemu mbalimbali za mwili na kupima kiasi gani kinaingia ndani. Paji la uso na ngozi ya kichwa zilipitisha takriban mara 4 ya kile kilichopita kwenye ngozi ya mkono chini ya kiwiko. Ngozi ya korodani ilipitisha zaidi ya mara 10. Rudi sasa kwa yule bwana anayevujiwa mgongoni hadi kiunoni, kofia yake ya kitambaa imelowa, na suruali aliyovaa jana ameivaa tena leo. Glavu za kitambaa au za ngozi nazo ni mtego: zinanyonya dawa na kuishikilia mkononi saa nzima.

Ikishaingia, inafanya nini? Dawa haziko za aina moja, na hapa ndipo mazungumzo mengi yanapopotea, maana watu huzungumzia "kemikali" kana kwamba ni kitu kimoja. Nichukue kundi moja tu, oganofosfeti, kwa kuwa kazi yake inaeleweka vizuri na inafungua macho kuhusu jinsi dozi ndogo zinavyojumlishana.

Neva ikitaka kuuamrisha msuli, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukishapata ujumbe, lazima ujumbe ufutwe mara moja, la sivyo msuli utaendelea kukaza. Anayefuta ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Oganofosfeti humkamata mfutaji huyo na kumfunga mikono. Mdudu hufa kwa sababu hiyo, na mtu aliyekunywa dawa hiyo hutokwa mate na kutetemeka kwa sababu hiyohiyo. Mdudu na mtu wanatumia mfumo mmoja. Ndugu wa oganofosfeti, dawa za kundi la kabameti, humwachia mfutaji baada ya saa kadhaa. Oganofosfeti nyingi zikishamkamata haziachii, na mwili hauna budi kutengeneza mwingine.

Kimeng'enya hicho kipo pia kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe nyekundu huishi karibu siku 120. Kwa hiyo kinachorudi kila siku ni takriban asilimia 1 tu. Dawa yenyewe huenda ikawa imetoka kwenye mkojo ndani ya siku chache, lakini deni limebaki. Ukipiga dawa Jumatatu, ukapumzika wiki moja, ukapiga tena, unaanzia chini ya pale ulipoanzia mara ya kwanza. Mtu anaweza kushuka hivi msimu mzima bila dalili zaidi ya kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu na hasira zisizo na sababu, mambo ambayo kila mtu huyahesabu kuwa uchovu wa kazi. Kisha siku moja dozi ya kawaida kabisa inamwangusha, na watu wanasema amerogwa au dawa ya safari hii ilikuwa feki.

California ililiona hili mapema. Tangu mwaka 1974 jimbo hilo linawataka waajiri kuwapima damu wafanyakazi wanaoshika dawa za aina hii mara kwa mara. Kipimo cha kwanza huchukuliwa kabla msimu haujaanza, ndipo vinavyofuata vilinganishwe nacho. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango cha mtu mwenyewe, anaondolewa kwenye dawa hizo hadi kirudi asilimia 80. Maneno "cha mtu mwenyewe" ndiyo yenye uzito. Viwango vya watu wenye afya vinatofautiana mno, kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza theluthi nzima na karatasi ya maabara bado ikaandika "kawaida". Kipimo kimoja kisicho na cha kulinganisha nacho ni karibu sawa na kutopima.

Hayo ni ya miezi. Ya miaka ni magumu zaidi kuyathibitisha, na ni haki kueleza kwa nini, kwa sababu ugumu huo hutumiwa na pande zote mbili. Wauzaji husema "haijathibitishwa", wanaharakati husema "wanaficha".

Tatizo la kwanza ni kumbukumbu. Mgonjwa wa miaka 60 anaulizwa alitumia nini alipokuwa na 30. Anakumbuka chupa nyeupe yenye picha ya mdudu. La pili ni mchanganyiko: hakuna anayetumia dawa moja maishani, na mara nyingi humwaga mbili tatu ndani ya bomba moja, pamoja na viyeyusho ambavyo havitajwi kwa majina kwenye kibandiko. La tatu ni la kushangaza kidogo. Walioumia huacha kazi. Ukienda shambani kuwapima waliopo, unawapima walioweza kuvumilia, na matokeo yako yataonyesha watu wenye afya njema.

Dawa ya matatizo hayo, nikiruhusiwa kulitumia neno hilo kwa maana yake nyingine, ni kuwaandikisha watu wakiwa wazima na kuwafuatilia miaka na miaka. Ndivyo ulivyofanya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani, ukiwa na watu karibu 90,000, wapiga dawa wenye leseni na wenzi wao. Ukisoma matokeo yake kwa haraka unaweza kupumua: kwa jumla, watu hao walikufa kwa saratani kidogo kuliko raia wengine. Wanavuta sigara kidogo na wanafanya kazi za mwili. Lakini ukiacha jumla na kutazama dawa mojamoja, ugonjwa mmojammoja, picha inabadilika. Kuna dawa zilizohusishwa na saratani ya tezi dume iliyo kali, nyingine na kukoroma kwa kifua, nyingine na tezi ya shingo kulegea kwa wanawake. Waliowahi kupata sumu kali hata mara moja walikuwa na sonona zaidi miaka mingi baadaye. Na nyingi hazikuonyesha lolote.

Uhusiano wenye ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Dokezo la kwanza halikutoka shambani. Mwaka 1982 huko California, vijana kadhaa waliojidunga heroini bandia waliganda ghafla kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Ndani ya ile heroini kulikuwa na kemikali iitwayo MPTP, ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachofanana sana kwa umbo na parakwati, dawa ya magugu. Baadaye, kati ya wale wapiga dawa wa Iowa na North Carolina, waliotumia parakwati au rotenoni, dawa ya wadudu, walionekana kuwa na uwezekano wa Parkinson takriban mara 2 na nusu ya wasiotumia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Kuhusu parakwati ubishi bado upo, si kila utafiti umepata jibu hilo. Rotenoni inanichekesha kwa uchungu, maana inatolewa kwenye mizizi ya mimea na kwa miaka mingi iliuzwa kwa sifa ya kuwa ya asili. Ufaransa haikungoja ubishi uishe: mwaka 2012 iliitambua Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima, maana yake mgonjwa anaweza kulipwa fidia.

Kwenye saratani vurugu ni kubwa zaidi, na jina linalobeba vurugu hiyo ni glaifosati, dawa ya magugu inayotumika kuliko zote. Machi 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu, pamoja na malathioni na diazinoni, dawa mbili za wadudu. Miezi michache baadaye mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Msomaji wa kawaida akabaki njia panda: nani mwongo?

Si lazima awepo mwongo. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, bila kujali kwa kiasi gani. Kundi hilohilo lina nyama nyekundu na kazi za zamu za usiku. Mamlaka za vibali huuliza kama kitaleta saratani kwa namna kinavyotumika. Tena hawasomi karatasi zilezile. IARC hutegemea tafiti zilizochapishwa hadharani, na iliangalia pia dawa kama inavyouzwa, na viyeyusho vyake. Mamlaka hupokea pia tafiti za watengenezaji, na hutazama zaidi kiini, yaani kemikali yenyewe inayoua, peke yake. Mpiga dawa hanywi kiini peke yake. Kinachomlowesha ni kile kilichomo chupani. Mwaka 2018 ule utafiti wa muda mrefu ulitoa matokeo yake kuhusu glaifosati na haukuona uhusiano wa wazi na saratani ya mitoki. Ninavyoona mimi, glaifosati imekula muda mwingi wa mjadala kuliko inavyostahili, huku dawa zenye ushahidi mbaya zaidi zikipita kimyakimya. Lindeni, iliyotumika mashambani na hata kuulia chawa kichwani, iliwekwa na IARC mwaka huohuo 2015 kwenye kundi la juu kabisa, la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka.

Au chukua klodekoni, dawa ya wadudu. Ilipigwa kwenye migomba ya Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa huko Karibiani, kuanzia 1972 hadi 1993, miaka mitatu baada ya Ufaransa yenyewe kuipiga marufuku. Huoza polepole mno. Iko kwenye udongo, kwenye maji, na ndani ya damu ya watu wazima zaidi ya 9 kati ya kila 10 wa visiwa hivyo, wakiwemo ambao hawajawahi kushika bomba. Desemba 2021 saratani ya tezi dume iliyotokana na viuatilifu, klodekoni ikiwemo, ikatambuliwa kuwa ugonjwa wa kazi.

Kuna madhara yanayogunduliwa na wafanyakazi wenyewe kabla ya daktari. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha dawa huko California, wanaume walianza kuambiana kwamba wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, wengi hawakuwa na mbegu, au walikuwa nazo chache mno. Wote walishika DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Hakuna aliyewahi kuanguka. Hakuna aliyejisikia mgonjwa. Marekani ilianza kuiondoa, lakini iliendelea kumwagwa kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati kwa muda, na maelfu ya wanaume wa Costa Rica na Nikaragua wakadai kwamba imewaharibia uzazi.

Na wapo wasiopiga dawa kabisa. Katika Bonde la Salinas, California, watafiti walipima mkojo wa wajawazito, wengi wao wa familia za vibarua wa mashamba, kisha wakawafuatilia watoto. Katika umri wa miaka 7, watoto wa ile sehemu moja kati ya tano ya akina mama wenye mabaki mengi zaidi ya oganofosfeti walikuwa chini kwa wastani wa alama 7 za kipimo cha akili ukiwalinganisha na watoto wa sehemu moja kati ya tano yenye mabaki machache kabisa. Mtoto mmojammoja huwezi kumwona tofauti. Darasa zima unaweza. Sumu nyumbani haihitaji shamba kuwa mlangoni. Inarudi kwenye viatu, kwenye kola ya shati, kwenye nguo zinazolowekwa beseni moja na za watoto na kufuliwa kwa mikono na mtu ambaye hakuhudhuria semina yoyote.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni "vaeni vifaa kinga". Sina ugomvi nao, ila una ujanja ndani yake: unamhamishia mzigo mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Suti isiyopitisha maji chini ya jua kali haivaliki kwa muda wa saa nne; inamchemsha mtu. Wataalamu wa usalama kazini huweka vifaa kinga mwisho wa orodha. Kwanza unajiuliza kama kupiga kunahitajika, au kalenda tu imefika. Kisha kama ipo dawa yenye madhara madogo ya muda mrefu, na sasa unajua ukanda wa rangi hautakwambia. Kisha kuziba mfuniko unaovuja, kurudi nyuma badala ya kutembea mbele ndani ya majani yaliyolowa, kutoingia shamba lililopigwa kabla ya muda ulioandikwa kuisha. Ukilazimika kuchagua kifaa kimoja tu, chagua glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko, uzivae wakati wa kuchanganya. Ncha ikiziba, tumia bua la nyasi au mswaki wa zamani. Nguo za kazi zioshwe peke yake, na aliyezivaa aoge kwa sabuni kabla hajabeba mtoto.

La mwisho halihusu mwili. Nunua daftari. Kila ukipiga, andika tarehe, jina la dawa, jina la kiini kama lilivyo kwenye maandishi madogo ya kibandiko, ulipiga saa ngapi, na kama kichwa kiliuma usiku ule. Mwenye simu apige picha kibandiko. Siku mikono ikianza kutetemeka, daktari atauliza ulitumia nini, wapi, kwa miaka mingapi, na "chupa nyeupe yenye picha ya mdudu" haitamsaidia yeye, wala tume ya fidia.